Kompyuta Kuukuu na Kadi ya Picha: Funzo la Kutafuta Kiini cha Kasoro

Mwalimu wa shule ya msingi hana budi kujifunza kutofautisha kati ya kitu kilichokwisha na kitu kilichopungukiwa. Kwa nje vitu hivi viwili hufanana, maana vyote hushindwa kazi. Lakini cha kwanza hufaa kuwekwa kando, na cha pili huhitaji kutafutiwa kile kilichopungua. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyoishughulikia kompyuta moja kuukuu ya chuo chetu baada ya kuibadilishia mfumo wa uendeshaji, na jinsi kazi hiyo ilivyotupatia somo zuri la mbinu. Hatuwaandikii mafundi. Tunawaandikia wanachuo ambao kesho watapangiwa shule zenye kompyuta za namna hii, au zisizokuwa na nyingine.

Sababu ya kubadili mfumo

Kompyuta tunayoizungumzia ina prosesa ya Intel Core i5-750, aina iliyotolewa mwaka 2009. Kwa miaka mingi iliendeshwa na Windows, na mwisho ilikuwa na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa mfumo huo. Windows 11 nayo hudai prosesa iliyomo katika orodha maalumu, pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta yetu haikuwa na sifa hizo. Kwa hiyo tulichagua Linux Mint 22, mfumo huria uliotolewa mwaka 2024, ambao haulipiwi na ambao watunzaji wake wameahidi kuutolea masahihisho hadi mwaka 2029.

Kazi za kuandika, kujumlisha alama na kuchapa mitihani zilikwenda vema. Kasoro ilijitokeza katika shule ya mazoezi, mwanachuo mmoja alipokuwa akifundisha somo la mzunguko wa damu. Alikuwa ameandaa filamu fupi ya moyo unavyosukuma damu. Moyo ulipiga mara chache, kisha picha ikaganda. Watoto walisubiri, wakaanza kunong'ona, na mwanachuo akalazimika kuchora moyo ubaoni kwa chaki. Alimaliza somo lake kwa utulivu, na kwa hilo twampongeza. Lakini jioni ile wenzake wengi walikuwa wamekwisha kata shauri kwamba kompyuta haifai. Katika kikao cha zana za kufundishia lilitolewa pendekezo kwamba ipelekwe ghalani.

Pendekezo hilo halikuwa jambo dogo. Kompyuta ile ndiyo pekee iliyounganishwa na projekta. Kama ingeondoka, wanachuo wa mwaka ule wangehitimu bila kuona somo la mfano lililofundishwa kwa picha zinazotembea. Tena wangejifunza kwamba chombo kikikwama mara moja, dawa yake ni kukitupa.

Kutafuta kiini

Tuliomba muda wa juma moja, tukaligeuza tatizo kuwa zoezi la darasa. Swali la kwanza liliulizwa na mwanachuo aliyekaa nyuma: "Mwalimu, tutajuaje kama kosa ni la kompyuta, wala si la filamu yenyewe?" Hili ndilo swali la msingi katika uchunguzi wowote. Tuliicheza filamu ileile katika kompyuta nyingine, nayo ikaenda hadi mwisho. Filamu ikaondolewa katika orodha ya watuhumiwa. Tukabadilisha waya wa kioo, kasoro ikabaki. Tukasafisha vumbi katika feni, kasoro ikabaki.

Hapo yafaa tueleze kazi ya kadi ya picha. Ndani ya kompyuta, prosesa hufanya hesabu zote za jumla. Kuchora vitone vya rangi vinavyojaza kioo ni kazi nyingine, tena ni nzito filamu inapokwenda. Kazi hiyo hupewa kadi ya picha. Lakini kadi na mfumo wa uendeshaji havisemi lugha moja. Kati yao lazima awepo mkalimani, yaani programu iliyotungwa kwa ajili ya kadi ya aina hiyo. Mfumo ukibadilishwa, mkalimani naye hubadilika. Mkalimani hafifu huipa kadi maagizo machache, na kazi iliyobaki humwangukia prosesa, au picha huganda kabisa.

Tulifungua dirisha la maandishi la Linux, tukaandika amri lspci -k, ambayo huorodhesha vipande vya kompyuta pamoja na programu inayotumika kuendesha kila kimoja. Tuliona kwamba kadi yetu ya zamani iliendeshwa na nouveau, programu huria ambayo watungaji wake wamelazimika kwa sehemu kubwa kuchunguza wenyewe jinsi kadi zinavyofanya kazi. Programu ya mtengenezaji wa kadi ile haikuwamo tena katika mfumo mpya, kwa kuwa toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2019. Kumbe kompyuta haikuwa imechoka; ni mazungumzo kati ya mfumo mpya na kadi ya zamani yaliyokatika.

Hata hivyo, kudhani si kuthibitisha. Tuliazima kadi kutoka kompyuta ya ofisi, tukaipachika katika ile iliyokuwa ikiganda. Filamu ikaenda hadi mwisho mara tatu mfululizo. Kisha tukarudisha kadi ya zamani makusudi, na picha ikaganda tena. Baadhi ya wanachuo waliona hatua hii ya pili ni kupoteza wakati. Tuliwaeleza kwamba ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu kasoro ikiondoka kwa kuondoa kitu kimoja, na ikarejea kwa kukirudisha kitu hichohicho, basi mtuhumiwa amepatikana. Mtoto wa darasa la tano anayechunguza kama mbegu huhitaji maji ili kuota hufuata kanuni hiyohiyo: hubadilisha jambo moja tu, na mengine yote huyaacha yalivyo.

Kuchagua kadi

Kabla ya kununua tulijiuliza maswali matatu. La kwanza lilihusu umeme. Tundu refu la ubao mama liitwalo PCI Express hutoa umeme usiozidi wati 75, na kadi inayohitaji zaidi ya hapo hudai waya wa ziada ambao kompyuta nyingi kuukuu hazina. Swali la pili lilihusu mkalimani: je, programu ya kadi imo tayari ndani ya Linux? La tatu lilihusu matundu ya nyuma, yaani mahali pa kuchomeka kioo na projekta.

Tuliamua kununua Radeon RX 550, aina iliyotolewa mwaka 2017. Hutumia kiasi cha wati 50, na programu yake, amdgpu, imo ndani ya Linux bila kutafutwa popote. Tuliipata Kariakoo, ikiwa imekwisha tumika, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya. Swali la tatu ndilo lililotuokoa na usumbufu. Kadi hii haina tundu la VGA, na projekta yetu ilikuwa na VGA peke yake. Kwa hiyo tulinunua pamoja nayo kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA.

Kuipachika

Kazi ya kupachika ilifanywa na wanachuo wenyewe, wawili wawili, kwa bisibisi moja. Walizima kompyuta, wakachomoa waya wa umeme, wakabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia utoke. Kila aliyetia mkono ndani aligusa kwanza chuma kitupu cha kasha, maana umeme tuli wa mwilini, hata usiohisiwa, waweza kuunguza vipande vidogo. Walifungua skrubu, wakabonyeza kilimi kilicho mwisho wa tundu, wakaivuta kadi ya zamani moja kwa moja bila kuipinda. Kadi mpya iliingizwa kwa kushikwa kingoni, hadi kilimi kilipojifunga. Kioo kikaunganishwa, kompyuta ikawashwa.

Siku ya nne baadaye mwanachuo yuleyule alirudi darasa lilelile. Moyo ulipiga mbele ya watoto hadi mwisho wa filamu. Aliirudisha nyuma, akaisimamisha penye vali, akawauliza watoto damu ingekwenda wapi kama vali isingejifunga. Mtoto mmoja akajibu, "Ingerudi ilikotoka." Hapo ndipo zana ilipofanya kazi yake, kwani mtoto aliona, akafikiri, akajibu kwa maneno yake mwenyewe.

Mipaka ya njia hii

Wanachuo wasidhani kwamba kila kompyuta kuukuu huponywa kwa kadi. Kama ubao mama una uwezo wake wa picha unaotosha, jaribu huo kwanza, kwa kuwa haugharimu chochote. Kama kisanduku cha kugawa umeme ni dhaifu, kadi mpya itazidisha matatizo. Na kama kazi ya kompyuta ni kuandika tu, fedha hizo zingefaa zaidi kununulia vitabu. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Nasi twaongeza kwamba mbacha nao yafaa ukaguliwe kabla ya kushonwa.

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika nchini kwa awamu mwaka 2024, walimu wengi walikutana na watoto waliokwama katika mambo waliyoyamudu hapo awali. Mtoto si mashine, na hapachikwi kipande. Lakini desturi ya kuuliza maswali kabla ya kutoa hukumu yamfaa yeye zaidi kuliko kompyuta. Je, ni lugha ya maelezo iliyobadilika? Je, haoni ubao? Je, amekosa hatua moja tu ya hesabu ambayo mtaala mpya unadhani anayo?

Twapendekeza kwamba kila mwanachuo aendaye katika mazoezi ya kufundisha achukue daftari dogo. Akutanapo na chombo kilichokwama, au mtoto aliyekwama, aandike kwanza yale aliyoyaona, kisha jambo moja atakalolibadilisha, na mwisho kilichotokea baada ya hapo. Kurasa hizo tutazisoma pamoja atakaporejea chuoni.