Ngong Road jioni: vijana wanapokutana, na wanayosoma wakirudi nyumbani

Ngong Road huanzia eneo la Community, karibu na katikati ya jiji la Nairobi. Hupita ukingoni mwa Kilimani na Kibra, ikavuka Dagoretti Corner na kuendelea hadi mji wa Ngong, chini ya vilima vya jina hilo. Matatu za namba 111 huenda nayo hadi mwisho. Kandokando yake kuna wauza miche na maua, mafundi wa viti na vitanda wanaopanga kazi zao pale wapita njia watakapoziona, soko la mitumba la Toi karibu na Adams Arcade, na majengo ya ofisi ambayo kwa nje hayana ajabu yoyote.

Katika majengo ya aina hiyo, na mengine ya mitaa ya jirani, vijana wengi hukusanyika jioni baada ya kazi au masomo. Wengine hutoka mbali, Thika, Rongai au Kitengela. Wanaenda kwenye mikutano ya kampuni chipukizi, yaani biashara ndogo za teknolojia zinazoanzishwa na watu wawili watatu wenye wazo, kipakatalishi na pesa kidogo.

Mzazi akiuliza, huambiwa, "Nilienda kukutana na watu, Mama." Ni saa tatu usiku, nauli imekwisha na hakuna mshahara unaoonekana. Mzazi huyo ana haki ya kutaka kujua watu hao ni akina nani, na jioni hizo zinamletea mwanawe nini.

Ilivyoanza ghorofa ya nne

Barabara hii ilianza kutajwa na watu wa teknolojia nje ya Kenya mnamo 2010. Machi mwaka huo, kituo cha ubunifu kiitwacho iHub kilifunguliwa katika ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua Centre. Waliokianzisha walikuwa watu wa Ushahidi, mfumo uliobuniwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili wananchi watume taarifa za yanayotokea mitaani mwao na taarifa hizo zionekane kwenye ramani.

Wakati ulikuwa mwafaka. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na watu walishazoea kutuma pesa kwa simu. Mwaka wa 2009 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na nchi iliyokuwa ikitegemea setilaiti ikapata mawasiliano ya kasi zaidi. Lakini kasi hiyo haikuingia kila nyumba siku moja. Mwanafunzi bado alilipa kwa dakika kwenye saiba. Pale iHub alikuta intaneti ya kasi, meza na kahawa, na uanachama wa kuanzia haukuwa na malipo. Wengi walifuata intaneti, wakakuta watu.

Vituo vingine vikafuata katika jengo hilo na mitaa ya jirani, na waandishi wa habari wakaanza kuita Kenya "Silicon Savannah". Septemba 1, 2016, Mark Zuckerberg wa Facebook alifika iHub, kisha akaenda kula samaki mzima na ugali katika mkahawa wa Mama Oliech huko Kilimani. Picha ya samaki yule ilisambaa kote. Mzazi ambaye hakuwa amesikia lolote kuhusu kampuni chipukizi aliiona picha hiyo.

Baadaye iHub ilihama Bishop Magua ikaenda Senteu Plaza, Kilimani. Mwaka wa 2019 ilinunuliwa na CcHub, kituo cha Lagos nchini Nigeria. Leo mikutano hii imetawanyika: kwenye ofisi za kukodi kwa pamoja, hotelini, na katika vyuo vikuu kama Strathmore, kule Madaraka.

Jioni inavyokwenda

Mikutano mingi hufanana. Kijana hujiandikisha mtandaoni siku chache kabla, na mara nyingi hatozwi kiingilio. Hufika mwendo wa saa kumi na mbili jioni, akapewa kibandiko cha kuandika jina lake na kukibandika kifuani. Mgeni mmoja au wawili huzungumza: mtu aliyeanzisha kampuni, mwekezaji, au mwanasheria wa biashara. Halafu kuna maswali. Wakati mwingine vijana hupewa dakika tatu kila mmoja kunadi wazo lake mbele ya watu.

Sehemu ambayo waliozoea huiona kuwa muhimu zaidi huja mwishoni, watu wanaposimama na soda na sambusa mkononi. Hapo ndipo mtu humwambia mwingine, "Kuna mtu anatafuta fundi wa programu, nikuunganishe naye." Mgeni wa mara ya kwanza huwa amesimama karibu na ukuta akitazama simu. Anayetaka kufaidika huchagua watu wawili tu wa kuzungumza nao, akawauliza wanafanya nini kabla ya kusema anachotaka, na kesho yake akawaandikia ujumbe mfupi wa kuwashukuru.

Kazi za kwanza, wabia wa biashara na wateja wa mwanzo hupatikana hivi. Lakini zipo pia jioni nyingi zinazokwisha na picha kumi za kuweka mtandaoni, kisha basi. Ndiyo maana kuhesabu mikutano aliyohudhuria kijana hakumwambii mzazi mengi.

Kinachotajwa na hakisomwi

Katika mazungumzo hayo hutajwa makala nyingi. Mmoja anataja ripoti ya mikopo ya simu, mwingine insha za Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator ya Marekani, ambazo ziko bure mtandaoni. Mwanasheria anashauri watu wasome maelezo ya usajili wa kampuni kabla ya kugawana hisa na rafiki. Kila mtu husema, "Nitumie kiungo." Viungo hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia asubuhi vimefunikwa na salamu na vichekesho.

Hata anayefungua kiungo hukutana na vikwazo. Bando linakwisha, matangazo yanajaza kioo, ujumbe unaingia, na makala ya dakika ishirini inasomwa aya mbili. Wiki inayofuata kijana yuleyule anarudi mkutanoni akiwa na maneno mapya ya kusema, ila hana cha ndani zaidi. Anajua kwamba kuna mkataba wa wabia lakini hajui unasema nini. Kwa mtu anayetaka kuweka akiba ya mama yake kwenye biashara, tofauti hiyo ni pesa.

Safari ya kurudi ina nafasi ya kurekebisha hili. Anayetoka Kilimani kwenda Rongai au Kitengela anaweza kukaa ndani ya matatu zaidi ya saa nzima. Muda huo unatosha makala mbili ndefu, mradi ziwe zimehifadhiwa mapema na zisihitaji intaneti.

Kifaa kisicholeta ujumbe

Hapa ndipo kisomaji cha kielektroniki kinapofaa. Kinachojulikana zaidi ni Kindle ya Amazon, iliyotoka Novemba 2007. Kobo ni kingine. Kioo chake si kama cha simu. Kina chembe ndogo sana nyeusi na nyeupe zinazopangwa kwa umeme kuunda maandishi. Zikishapangwa hukaa hivyohivyo bila kutumia umeme, ndiyo sababu chaji hudumu kwa wiki kadhaa. Maandishi husomeka vizuri hata juani. Na kwa kuwa WhatsApp haiko humo, hakuna ujumbe wa kumkatiza msomaji.

Makala hufikaje humo? Kila Kindle ina anwani yake ya barua pepe. Mwenyewe huidhinisha anwani atakazotumia, kisha hutuma faili kwa barua pepe, na kifaa huipokea kikiunganishwa na Wi-Fi. Ipo pia programu ya Send to Kindle inayotuma ukurasa wa mtandaoni bila kuhangaika na faili. Wenye kompyuta nyumbani wanaweza kutumia Calibre, programu ya bure inayobadilisha faili kuwa kitabu cha kisomaji na kukihamisha kwa waya. Faili za EPUB ni bora kuliko PDF, kwa sababu maandishi yake hujipanga kulingana na ukubwa wa kioo, ilhali ukurasa wa PDF hubaki kama ulivyo na msomaji hulazimika kuusogeza huku na huku.

Familia isiyo na kisomaji haijakosa kila kitu. Simu ya Android yenye Chrome inaweza kupakua ukurasa na kuusoma baadaye bila bando. Kijana akahifadhi makala zake palipo na Wi-Fi, akaweka simu katika hali ya ndege, faida kubwa ataipata. Anayenunua Kindle ya mtumba ahakikishe kwanza kwamba imeondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani. Na ndani ya matatu, kifaa kisishikwe karibu na dirisha lililo wazi. Wakazi wa Nairobi wanajua kwa nini.

Kilichowekwa kwa mwingine

Somo jingine linahusu mahali pa kuhifadhi. Kwa miaka mingi wasomaji walitumia huduma iitwayo Pocket. Ilianza mwaka wa 2007 kwa jina la Read It Later, ikanunuliwa na Mozilla mwaka wa 2017, na ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na visomaji vya Kobo. Julai 8, 2025 ilifungwa. Watumiaji walipewa muda wa kutoa orodha za viungo vyao, lakini kiungo si makala. Ukurasa ukiwa umeshafutwa na mwenye tovuti, kiungo hakifungui chochote. Kobo ilihamia huduma nyingine, Instapaper, ambayo imekuwapo tangu 2008.

Si mara ya kwanza. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye Kindle za wasomaji waliokuwa wamezinunua, kwa sababu muuzaji aliyeziweka hakuwa na haki ya kuziuza. Mkuu wa kampuni hiyo, Jeff Bezos, aliomba radhi.

Vituo vya Ngong Road navyo vina historia kama hiyo. Vimehama, vimebadilisha wamiliki, na vingine vimefungwa. Kijana aliyetegemea ukumbi alibaki bila ukumbi. Aliyepata ujuzi na marafiki aliondoka navyo. Kwa makala, njia salama ni kuwa na faili yenyewe kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, si kiungo peke yake. Makala kumi zilizochaguliwa na kusomwa zinamfaa kuliko mia tatu zilizorundikwa.

Maswali ya mzazi

Mzazi hahitaji kujua programu ili kumsaidia mwanawe. Anahitaji maswali mazuri, na ayaulize bila kejeli. Mkutano uko wapi na unakwisha saa ngapi? Nauli ya usiku, ambayo mara nyingi hupanda mvua ikinyesha, imetengwa? Kuna mtu wa kurudi naye? Nani ameandaa, na je, jina lake linaonekana mahali pengine?

Yapo mambo ya kukataa moja kwa moja. Anayedai pesa ili kijana apate nafasi ya kukutana na mwekezaji atiliwe shaka. Nakala ya kitambulisho isitumwe kwa mtu aliyejulikana jana. Hati yoyote ya hisa au mkopo isitiwe saini usiku uleule. Ije nyumbani, isomwe, na ikiwezekana ionwe na mtu anayejua sheria.

Kisha kuna swali ambalo wazazi wengi hawaliulizi. Mbali na "Ulikutana na nani?", kijana aulizwe, "Walitaja nini ambacho sasa utakisoma?" Kijana mwenye jibu atakuwa amehifadhi kitu. Asiye na jibu kwa mikutano mitatu mfululizo anaweza kushauriwa, kwa upole, apumzike mkutano mmoja na atumie jioni hiyo kusoma. Maktaba ya Taifa iko pale Community, barabara hii inapoanzia, na si lazima awe na kifaa chochote ili kukaa humo na kitabu cha biashara.

Mzazi naye anaweza kushiriki. Kila wiki kijana achague makala moja kati ya alizohifadhi, amtumie mama au baba, na wote waisome kabla ya chakula cha Jumapili. Mama anayeuza nguo Toi anajua mambo ya mkopo, deni na mteja asiyelipa ambayo hayakuandikwa kwenye makala hiyo. Kijana anayepanga kuwauzia wafanyabiashara programu atahitaji kuyasikia, na hatalipa nauli kuyafuata.