Kufuli lipo mlangoni, funguo za ghala anazo nani?

Mama mmoja wa Iringa, ambaye mumewe anafanya kazi Mbeya, aliombwa kupakia picha ya kadi yake ya kliniki kwenye mfumo wa mtandaoni unaowakumbusha wazazi tarehe za chanjo. Wengi wangetuma papo hapo. Yeye alisita, maana kadi ya ujauzito hubeba majibu ya vipimo, kikiwamo cha VVU.

"Sisi tuna siri gani?" mumewe alimuuliza kwa simu.

"Si yetu tu, baba. Ni ya mtoto pia, naye hajaulizwa."

Hofu yake ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 uliiweka mikoa hiyo miwili miongoni mwa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini: Iringa asilimia 11.1, Mbeya 9.6. Na kuvuja kunatokea. Mwaka 2019, Singapore ilitangaza kuwa taarifa za watu 14,200 wanaoishi na VVU zilimwagwa mtandaoni.

Akamuuliza mdogo wake anayetengeneza programu za kompyuta.

"Dada, kile kialama cha kufuli juu ya skrini kinalinda njia tu. Hakikwambii nani ana funguo za ghala."

Akamwelekeza namna ya kupima: ajiandikishe kwa jina la kubuni na apakie picha ya ukuta. Kisha anakili anwani ya picha hiyo na kuifungua kwenye simu nyingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yake. Mfumo salama utadai nywila.

Huu haukudai. Ukuta ulionekana wazi.

Alitamani kubadili tarakimu moja ya anwani aone kadi ya nani itatokea. Mdogo wake alimkataza: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hairuhusu kuingia kwenye taarifa za wengine bila idhini. Badala yake aliwaandikia wenye mfumo, akaeleza alichokiona.

Wazazi wajue wana pa kusemea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Chanjo nayo haisubiri mfumo urekebishwe. Tarehe ijayo imeandikwa kwenye kadi ya mtoto.