Tanzia ya Gozi Kavu

Gozi kavu, kitambaa cheupe cha pamba ambacho kwa zaidi ya karne moja kilikatwa, kikakunjwa na kuwekwa moja kwa moja juu ya kidonda kibichi, imefariki. Haikufa kwa siku moja. Kwa wataalamu wa vidonda ilianza kuaga mwaka 1962, katika hospitali kubwa ikakata roho polepole, na katika zahanati nyingi za vijijini mwili wake bado uko ndani, haujazikwa. Naandika ili marehemu azikwe kwa heshima anayostahili, lakini azikwe.

Ukoo wake ni wa Ulaya ya karne ya 19. Viktor von Bruns wa Tübingen, Ujerumani, ndiye aliyeondoa mafuta kwenye pamba ili inywe maji. Joseph Lister akaitia gozi asidi ya kaboliki ili vidonda visioze. Mwaka 1880 Joseph Sampson Gamgee wa Birmingham akaweka pamba katikati ya tabaka mbili za gozi, na kidonda chenye majimaji mengi kikapata cha kuyafyonza. Misheni ya Yakobi, huku Njombe, iliposhambuliwa Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, ukoo huu ulikuwa tayari umeshika hospitali za Ulaya.

Marehemu alikuwa na sifa za kweli. Alikuwa rahisi kwa bei, na alivumilia mvuke wa kuua vijidudu bila kuharibika. Vizazi vya wauguzi wetu waliketi mezani mchana wakikata gozi kutoka kwenye robota, wakikunja kingo kwa ndani ili nyuzi zisibaki kidondani, wakizipanga ndani ya dramu tayari kwa mvuke. Kazi hiyo haikuandikwa popote, na watu wengi wako hai kwa sababu yake.

Kasoro yake ilikuwa katika tabia ileile iliyompa sifa. Alifyonza majimaji, kisha akakauka nayo. Nyama changa ikaota ikipenya kati ya nyuzi zake, usaha na damu vikaganda, na baada ya siku mbili kitambaa laini kikawa kama ganda la mti.

Kasoro hiyo huonekana wazi Yakobi, kwenye baridi. Nyanda za Njombe ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai watoto hawatoki jikoni. Mafiga, sufuria la viazi linalochemka, chai ya mapema: hapo ndipo moto unapowakuta, mara nyingi mkononi, kwenye kiwiko au kwenye goti. Ni mahali panapokunjika. Gozi iliyoganda juu ya goti haikunjiki. Mtoto anaushika mguu wake katika mkao mmoja usiomuuma, siku baada ya siku, na kovu la moto linapokomaa hujivuta. Mwisho wake ni goti lisilonyooka.

Halafu ilikuja siku ya kubadilisha. "Jikaze, baba," nesi alimwambia mvulana wa miaka minne, huku mama ameushika mguu. Gozi iling'oka na ngozi mpya iliyoota wiki nzima, damu ikatoka upya. Wapo waliomtetea marehemu kwamba akivutwa huondoa nyama iliyokufa. Ni kweli, lakini hachagui: huondoa na iliyo hai. Na mzazi aliyekisikia kile kilio mara mbili, safari ya tatu huahirisha. Ninaamini maumivu hayo yaliharibu vidonda vingi kuliko vijidudu vilivyopimwa maabara, kwa sababu kidonda kisichorudishwa zahanati hakuna wa kukitazama.

Aliyemtia marehemu ugonjwa wa mwisho ni George Winter, wa London. Mwaka 1962 alionyesha katika jarida la Nature kwamba vidonda vya nguruwe vilivyofunikwa kwa utando wa plastiki, vikabaki na unyevu, viliota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya vile vilivyoachwa vikauke. Wafugaji wa nguruwe Njombe wataelewa kwa nini aliwachagua: ngozi yao inafanana sana na yetu.

Warithi walioachwa wana tabia tofauti. Bandeji ya kisasa ya sponji ina tabaka tatu. La chini ni silikoni laini yenye matundu, inayoshika ngozi kavu lakini haishiki kidonda. La kati hunywa majimaji na kuyazuia yasirudi hata mtu akiyalalia. La juu ni utando unaopitisha mvuke nje na kukataza maji na vijidudu kuingia. Ugumu wa kuibuni uko hapa: ukiongeza punje zinazofyonza, zile zilizomo ndani ya pempasi, bandeji hubeba majimaji mengi lakini huvimba, huwa nzito na ngumu. Wabunifu hupunguza unene kwenye kingo, na huchana mistari ili sponji likunjike pamoja na kiungo. Kipimo cha haki ni mtoto aliyefungwa goti: je, anaweza kuchuchumaa?

Bei ndiyo inayochelewesha mazishi, lakini kuna njia ya kati. Gozi iliyopakwa vaselini na kuuliwa vijidudu inaweza kuandaliwa hospitalini, na juu yake ikawekwa gozi ya kufyonza. Bombay, India, madaktari wakiongozwa na M. H. Keswani waliripoti mwaka 1985 kuhusu maganda ya viazi mviringo yaliyochemshwa, yakabandikwa kwenye bandeji na kuuliwa vijidudu kwa mvuke. Hayakung'ang'ania kidonda cha moto. Sisi tunaolima viazi hivyo tulipaswa kulisikia jambo hili mapema. Siyo kazi ya kujaribia jikoni, lakini linafaa kuchunguzwa na watafiti wetu.

Kwa mzazi: mtoto akiungua, mmiminie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga, kisha mpeleke zahanati. Siku ya kubadilisha, mwombe nesi ailoweke gozi kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali hadi iachie yenyewe. Kwa Bohari ya Dawa: kiwanda chenu cha mipira ya mikono kiko Idofi, Makambako, na pamba inalimwa Simiyu. Tutengenezeeni bandeji isiyoganda, ya bei ambayo zahanati ya kijiji inaweza kuagiza.