Uso wa Mlinda Lango



Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupiga picha katika harusi za kina mama hapa Mombasa. Ukumbini mwanga huwa mikononi mwangu: taa naziweka nipendapo, na bibi harusi hukaa pale nilipomwomba akae. Kwa hivyo mwaka jana, kocha wa timu ya watoto wa mtaani kwetu aliponiomba niwapige picha ya pamoja kabla ya mashindano ya likizo, nilikubali bila kusita. Nilidhani aliyezoea kazi ya usiku hawezi kushindwa na ya mchana.

Tulikutana uwanjani saa tano na nusu, ili watoto wawahi sala ya Adhuhuri. Walikuwa 16, wamevaa jezi nyeupe na kofia za jua, nikawapanga safu mbili. Niliwaelekeza kwenye jua, kwani tangu utotoni nimesikia kwamba mpiga picha hulipa jua kisogo. Nilipiga picha kadhaa, nikatazama kioo kidogo cha kamera katika mwangaza ule ule mkali ambao haukuniwezesha kuona kitu, kisha nikawaruhusu waende zao.

Picha ilipowafikia wazazi, usiku nilipokea ujumbe wa sauti kutoka Saudia. Aliyeutuma ni mama wa mlinda lango wetu, ambaye yuko huko kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili, na mtoto analelewa na bibi yake. Sauti yake ilikuwa ya upole. “Dadangu, picha nimeiona, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Lakini uso wa mwanangu nimeutafuta sikuuona. Nimemjua kwa glavu tu.”

Niliifungua picha nikaitazama upya. Jezi ziling’ara kama theluji. Watoto weupe kidogo walionekana, ingawa wamekunja nyuso na macho yao yamezama vivulini. Mlinda lango, ambaye ndiye mweusi kuwapita wenzake wote, alisimama safu ya nyuma chini ya ukingo wa kofia yake, na pale palipostahili kuwa na uso palikuwa na doa la giza. Mama yuko ng’ambo ya bahari, hajamwona mwanawe kwa zaidi ya mwaka, na mimi nimempelekea jezi na glavu. Sikulala vizuri usiku ule.

Nilipoanza kuchunguza kosa langu, niligundua kwamba yalikuwa mawili. La kwanza ni saa. Mji wetu uko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta, na mwezi wa Machi na wa Oktoba jua la mchana hutupita utosini kabisa. Mwanga unaotoka juu huangukia kipaji cha uso, pua na mabega, ukayaacha macho shimoni. Ukimvisha mtoto kofia, hata ule mchache uliobaki umeuzuia.

La pili ni kipimo. Kamera haijui kwamba huyu ni mtoto na ile ni jezi. Hupima mwangaza wote ulio mbele yake, na ikikuta weupe mwingi na mbingu inayowaka, huipunguza picha nzima ili isiungue. Jezi hubaki nyeupe, lakini uso mweusi humezwa na giza. Hijabu nyeupe za wasichana huleta hila hiyo hiyo. Hijabu nyeusi zikijaa kwenye picha hufanya kinyume: kamera huongeza mwanga, na nyuso zikapauka.

Jambo hili lina historia yake. Zama za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na rangi za picha zikasawazishwa kwa ngozi yake. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Wengi wetu tulikua tukiambiwa kwamba mtu mweusi “hatoki vizuri” kwenye picha, na tukaamini. Kumbe kilichokuwa na kasoro ni kipimo.

Mwaka huu nilimwendea kocha mwenyewe, nikamwomba anipe nafasi nyingine. Niliwaomba wazazi ruhusa upya pia, kwani wako wanaojizuia na picha, nami nawaheshimu. Tulikubaliana tukutane baada ya Alasiri, saa kumi na moja, tupate kumaliza mapema kabla ya Magharibi. Wakati huo jua limeshuka, na mwanga wake huja kwa ubavu na kwa upole.

Safari hii niliwageuza. Watoto walilipa jua kisogo, hakuna aliyekunja uso, na mbele yao ulikuwa ukuta wa madrasa uliopakwa chokaa. Jua liliupiga ukuta, nao ukawarudishia watoto nuru pana isiyochoma. Mimi nilisimama karibu na ukuta huo, na msichana mmoja akanishikia kipande cha boksi juu ya kamera ili jua lisiingie kwenye jicho lake. Walio nyuma waliwekwa juu ya benchi, na kofia zote zikawekwa chini. Mama wawili walinyoosha shuka jeupe upande aliosimama mlinda lango, ili na yeye apate fungu lake la nuru.

Taa ya kamera niliiacha mkobani. Nguvu yake hupungua upesi: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu, na safu ya mbele hung’aa kuliko ya nyuma. Atakayelazimika kuitumia katika kundi arudi nyuma kidogo na azisogeze safu zikaribiane.

Kisha nilipima mwanga kwa uso wa mlinda lango. Niliongeza hadi nikaziona nyusi zake na mboni za macho yake, ndipo nikahakikisha kwamba mwenzake aliye mweupe zaidi hajaungua. Mbingu nyuma yao ilipauka ikawa nyeupe tupu, nikaiacha. Hapana mama aliyeko Saudia anayetafuta mbingu. Mwenye simu anaweza kufanya vivyo hivyo: akibonyeze kidole juu ya uso wa mtoto mweusi zaidi, akishikilie mpaka kipimo kijifunge, kisha akitelezeshe juu au chini taratibu hadi uso uonekane.

Nawaandikia haya dada zangu kwa sababu likizo haiko mbali, na picha nyingi zitapigwa viwanjani na kwenye sherehe za madrasa, nyingi kwa mikono yetu. Tukigawa sahani hatumruki mtoto. Mwanga nao ni haki ya kugawa, na anayepima kwa ajili ya walio weupe huwa amewaruka wengine, hata kama hakukusudia, kama nisivyokusudia mimi.

Picha niliituma usiku ule ule, nikiwa nimeketi barazani kwa bibi wa mlinda lango. Mtoto alikwisha kuiona, akacheka kwamba hata kovu la juu ya jicho limetokea. Bibi aliisogeza simu karibu na macho yake, akaupitisha ukucha safu ya nyuma mpaka ulipomfikia. “Ndiye huyu,” akasema.

Jibu kutoka Saudia halikukawia. Nilitarajia shukrani, na shukrani zilikuwemo. Lakini mama alikuwa ameikuza picha na kuitazama kwa makini kuliko mimi niliyeipiga, na sauti yake ilipanda kidogo alipouliza: “Mwanangu amevunjika jino lini, na mbona sikuambiwa?”

Bibi alinitazama, akajifunga leso yake vizuri, akaichukua simu na kwenda kulijibu swali hilo ndani.