Vumbi la Kiamunyi na miguu ya pikapu

Ukitoka Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka wa 2021, ushike barabara ya Kabarak na Eldama Ravine, hukawii kufika Kiamunyi. Ni mtaa wa nyumba za familia, vishamba vya mahindi na vumbi jepesi la udongo wa volkeno.

Hapa ujenzi haukomi. Mawe, mchanga na saruji huletwa kwa pikapu, na mzigo huo ukikutana na mashimo, miguu ya mbele ndiyo huumia. Mpira wa boljointi ukipasuka, vumbi huingia, grisi hukauka na chuma husaga chuma. Bushi nazo hulegea.

Dalili hazijifichi: usukani hutetemeka, kila shimo hujibu "ko! ko!", na tairi huliwa upande mmoja. Fundi hodari habahatishi. Huinua gari kwa jeki, huliweka juu ya stendi, kisha hushika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, huchungulia kama ni boljointi au ni beringi.

Ndipo mwenye gari huanza kubembeleza: "Fundi, tubadilishe upande mmoja tu, mwingine mwezi ujao."

Lakini boljointi ikichomoka barabarani, gurudumu hulala na usukani hausikii tena. Na pikapu iliyobeba mawe asubuhi ndiyo hurudisha watoto kutoka shuleni jioni.

Basi badilisha pande zote mbili, kisha upimiwe alainimenti. Spea huuzwa dukani; mtoto hauzwi.