Jikoni Kando ya Mto Naro Moru

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili, na sababu ni njema: nilikuwa napanga safari, kisha nikasafiri. Leo hakuna msimbo. Au tuseme upo kidogo, maana mtu akishazoea kuandika programu, hata sufuria huzipanga kwa jedwali.

Mama alistaafu ualimu mwaka huu. Sisi watoto wake watatu tukaamua kumpeleka mahali apumzike, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Hoteli ya watu saba (yeye, sisi, shemeji na wajukuu wawili) ilizidi mfuko wetu, kwa hivyo tukatafuta nyumba ya kukodi ambayo wageni hujipikia wenyewe. Tukaipata Naro Moru, magharibi mwa Mlima Kenya, hatua chache kutoka mtoni.

Dada yangu mkubwa alipoona picha aliuliza swali moja tu: "Nani atapika?"

Tulinyamaza. Kwetu kila Krismasi, kila harusi na kila matanga hupitia jikoni mwa Mama. Katika kazi yangu tunaogopa sana mfumo unaotegemea mashine moja, kwa sababu ikizima, kila kitu kinasimama. Mama ndiye mashine hiyo, na sikumbuki siku aliyozimwa. Kumpeleka kwenye nyumba yenye jiko ilikuwa sawa na kuihamisha seva ile ile mahali penye mandhari mazuri, kisha tuseme imepumzika.

Basi nikafungua jedwali. Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni milo minane. Mara watu saba, ni sahani 56 za kupakua na kuosha. Kila mlo ukapata mpishi, msaidizi na mwoshaji. Hata kukaa na watoto mtoni kukawa zamu yenye jina la mtu mzima.

Dada akalitazama akasema, "Bado. Kupika si kazi kubwa. Kazi ni kukumbuka." Akaeleza: tunaweza kushika mwiko sisi, lakini kama kila dakika tano mtu anaita "Mama, chumvi iko wapi?" na "Mama, wali huu maji vikombe vingapi?", Mama bado yuko kazini, ameketi tu. Nikaongeza safu moja: Anayejibu Maswali. Jina la Mama halikuwekwa popote.

Kabla ya kulipa tulihakikisha nyumba yenyewe ipo, maana picha nzuri haijengi nyumba. Nilizitafuta picha zile mtandaoni nione kama zimenakiliwa kwingine. Nikaomba mlinzi wa nyumba anipigie simu ya video akiwa mlangoni, anionyeshe jiko na njia ya kwenda mtoni. Tulipotuma nusu ya malipo kwa M-Pesa, tulilinganisha jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha na jina lililo kwenye makubaliano. Dakika kumi za udadisi ni nafuu kuliko kulia kando ya barabara.

Mlinzi yule nilimsumbua kwa maswali. Gesi ipo? Ipo. Sufuria ngapi? Tatu, kubwa moja. Kikaango cha chapati? Hakuna. Maji ya kunywa? Mchemshe. Blanketi? Zipo, lakini mje na sweta. Nyumba ya kujipikia ni kama tarakilishi isiyo na intaneti: usichobeba huna. Tulibeba kikaango, ubao na kifimbo cha kusukumia chapati, kisu kikali, kiberiti, sabuni, chumvi na tochi. Ramani niliihifadhi kwenye simu, na jedwali nikalichapisha kwenye karatasi.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii ni mwinuko. Naro Moru iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji ambayo Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, huko huchemka kwa nyuzi kama 93, na ukizidisha moto huongezi joto lake, unamaliza gesi tu. Maharagwe huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hivyo githeri tuliichemshia Nairobi, tukaenda kuikaanga tu.

Tuliondoka Ijumaa saa sita mchana kwa barabara ya Thika, tukapita Kenol na Sagana, tukasimama soko la Karatina kununua viazi, karoti na kabeji. Baada ya Kiganjo hewa ikabadilika. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, kama kawaida yake alasiri. Mto tuliusikia kabla ya kuuona.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri Mama aliamka, kama alivyoamka miaka yote. Akamkuta shemeji jikoni anachemsha maziwa. Akasimama mlangoni, akasoma karatasi niliyobandika, akatafuta jina lake kutoka juu hadi chini.

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Uketi, Mama. Chai inakuja."

Hakuketi. Siku nzima alizunguka, akapanga viatu, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nilianza kuogopa kwamba tumemnyang'anya kitu badala ya kumpa. Lakini Jumapili, mlima ukiwa wazi na theluji ikionekana, alivua viatu akakaa kwenye jiwe na wajukuu, akawasimulia jinsi akiwa msichana alivyokuwa akienda mtoni mara tatu kabla ya shule, na jinsi siku moja alivyouacha mtungi akaogelea hadi akachelewa. Sisi watatu hatukuwahi kuisikia hadithi hiyo. Nadhani hakuwahi kukaa muda wa kutosha kuisimulia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipanga likizo ya kujipikia, usiishie kwenye bei na umbali. Andika nani atapika, nani ataosha, na hasa nani ataulizwa. Kama huyo wa mwisho ni yule yule wa nyumbani, hujampeleka likizo.

Jedwali la Desemba tayari liko wazi. Mama amejiandikia zamu ya chapati, siku moja tu, na pembeni ameongeza: "Msiniulize chumvi."