Mtaka cha Mvunguni

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mpenzi msomaji, methali hii nimeitumia katika insha zangu tangu shule ya msingi bila kuijali sana. Sasa naijua vizuri, na alama ninayo kwenye paji la uso. Ni kovu dogo nililopata mwezi wa Agosti mwaka jana nilipogonga boriti ya stoo yetu nikipima chumba cha sinema.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, nje kidogo ya mji wa Machakos, upande wa vilima vya Iveti. Marehemu baba alipoijenga hakuwa na pesa za kusawazisha kiwanja. Kwa hivyo upande wa chini ilibaki nafasi chini ya sakafu, naye akaizungushia kuta ikawa stoo. Ukuta wa nyuma umezama wote udongoni. Mlango ni mmoja tu, na kuna dirisha moja lenye vyuma. Humo ndimo baba alimotengenezea redio za watu. Alipofariki mwaka wa 2021, Mwaitu alifunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake, na hakuna aliyethubutu kuuomba.

Basi, kaka yangu alimaliza kidato cha nne akaingia jua kali. Kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha. Mwezi wa Julai mteja mmoja alishindwa kumlipa, akampa projekta kuukuu badala ya pesa. Kaka alikuja nayo nyumbani ameifunga ndani ya sweta, macho yakimng'aa mithili ya paka gizani.

"Dada, mambo yetu yameiva!" akasema. "Tunaifungua ile stoo ya baba, tunaifanya sinema. Mpira Jumamosi, filamu Jumapili. Watu thelathini, kila mmoja bob ishirini. Hiyo ni mia sita kwa usiku mmoja! Pesa zako za chakula tutazilipa zote mpaka umalize shule."

Nilijawa na furaha isiyo na kifani. Muhula ule nilikuwa nimerudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana, na nilichoka kusoma madaftari ya kuazima. Mwaitu naye alitutazama kwa muda mrefu, kisha akafungua pindo la leso. "Pimeni kwanza," akasema. "Kupima si kukubali."

Nikachukua futi ya kamba ya kaka, kalamu na daftari la Hesabu. Chumba kilikuwa na urefu wa mita 6, upana wa mita 2.4, na kimo cha mita 2.1. Penye boriti kimo hakikufika hata mita 2, na hapo ndipo nilipopata kovu langu. Kaka, ambaye ni mrefu kama mlingoti, aliligonga mara tatu siku hiyo hiyo.

Nilianza na picha. Picha za siku hizi zina upana wa sehemu 16 kwa kimo cha sehemu 9. Tukichora kiwambo cha upana wa mita 1.6 ukutani, kimo chake ni sentimita 90. Kwa kanuni ya Pythagoras, kutoka pembe hadi pembe ni mita 1.84 hivi. Kaka alipiga mluzi. Lakini kwa sababu dari iko chini, ukingo wa chini wa picha ungekuwa mita 1 tu kutoka sakafuni, na mtu aliyeketi kitini kichwa chake hufika kama mita 1.2. Walio nyuma wangetazama visogo vya walio mbele! Katika sinema za mjini viti vya nyuma huinuliwa kwa ngazi. Sisi tungeinua viti vya nyuma, watu wangegonga boriti. Nilikuna kichwa mpaka nikakumbuka jinsi tunavyoketi kwa Susu tukisikiliza hadithi. Kama huwezi kuwainua wa nyuma, washushe wa mbele. Mstari wa kwanza wakae mkekani, wa pili kwenye vigoda, wa tatu kwenye benchi. Mtaka cha mvunguni!

Kisha sauti. Kaka alikuwa ameleta trei za mayai kutoka kwa muuza chipsi, ati ndizo hufunikwa ukutani ili kuua mwangwi. Nilimuuliza mwalimu wetu wa Fizikia. Alinieleza kwamba trei ni nyepesi mno, hazizuii sauti nzito, na tena zinashika moto upesi. Akanipa zoezi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kuta mbili zinazotazamana zikiwa mita 2.4 kutoka moja hadi nyingine, sauti huenda na kurudi mita 4.8. Gawanya, unapata mitetemo 71 kwa sekunde. Ngoma yoyote yenye sauti nzito ya kiasi hicho itavuma humo ndani kama nyuki ndani ya mtungi, na sauti nyingine zitamezwa. Dawa yake ni vitu vizito na laini, kama blanketi nene, magodoro ya zamani na magunia ya mkonge yaliyokunjwa, tena pembeni hasa.

Tatizo la tatu lilikuwa maji. Susu alipita, akaugusa ukuta wa nyuma kwa kiganja, akacheka. "Ngojeni mvua ya Novemba," akasema. Alituonyesha pa kuchimba mtaro juu ya nyumba, tukirusha udongo upande wa juu, kama matuta ya fanya juu yaliyookoa mashamba mengi ya Ukambani. Tulichimba wikendi mbili mikono ikatoka malengelenge.

Hadi hapo, msomaji, mambo yalikuwa shwari. Kilichoniharibia raha ni somo la Biolojia. Siku moja darasani tulijifunza kwamba mtu mzima akitulia huvuta kama nusu lita ya hewa kila pumzi, na kama pumzi 15 kwa dakika. Nikaanza kuandika pembeni mwa daftari. Chumba chetu, 6 mara 2.4 mara 2.1, kina mita 30 za ujazo. Watu thelathini. Kila mtu ana mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Filamu ya saa mbili, kila mtu atavuta lita 900. Kwa maneno mengine, filamu ikiisha, karibu hewa yote ya chumba itakuwa imekwisha kupita kifuani mwa mtu. Tukiacha njia ya kupita ya sentimita 70, wanaoenea kwa starehe ni watatu kila mstari. Tisa. Si thelathini.

Niliikunja ile karatasi nikaitia soksini. Kwa siku mbili sikuionyesha mtu. Nisikufiche, nilikuwa nikifikiria pesa za chakula. Nani hujikatia tawi alilokalia? Lakini usiku sikulala, na siku ya tatu niliiweka mezani mbele ya Mwaitu.

Aliisoma kimya. "Mlango ni mmoja?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na dirisha lina vyuma?"

"Ndiyo."

Alinyamaza, kisha akatusimulia jambo ambalo hakuwahi kutusimulia. Mwezi wa Machi mwaka wa 2001 alikuwa kidato cha tatu kama mimi. Usiku mmoja bweni la shule ya upili ya Kyanguli, hapa hapa Machakos, liliteketea, wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. "Wengine walikuwa rika langu kabisa," akasema. "Hakuna mtoto wa mtu atakayelipa bob ishirini ili afungiwe chini ya nyumba yangu."

Kaka alisimama. "Ni hesabu zako zimeharibu!" akanifokea. "Haya, mwambie huyo Pythagoras akulipie chakula!"

Akatoka. Siku nne hakunisemesha. Maneno yake yalinichoma kuliko moto, kwa sababu alikuwa akitafuta pesa hizo kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Tena niligundua kwamba hata bila karatasi yangu asingeweza kuanza hivi hivi tu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kuonyesha watu filamu kibiashara. Lakini sikumwambia. Mtu akiwa na kidonda humtii chumvi.

Siku ya tano, nikitoka shule, nilisikia grinda ikilia chini ya nyumba. Nilishuka mbio. Kaka alikuwa akikata vyuma vya dirisha, vile ambavyo baba aliviweka kuzuia wezi wa redio, cheche zikiruka kama vimulimuli. Aliizima mashine, akavua miwani.

"Tisa, sivyo?" akauliza.

"Tisa," nikajibu.

"Basi hapa nitaweka mlango wa pili. Unafunguka kwenda nje. Shika hii."

Sikusema pole na yeye hakusema pole. Nilishika.

Filamu ya kwanza tuliionyesha Desemba, mvua ikiwa imepita na ukuta ukiwa mkavu. Hakuna aliyelipa. Tulitazama Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, kuhusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa wa filamu. Watoto wa jirani walikaa mkekani. Susu alikataa kigoda kwa sababu magoti yake hayakunjiki siku hizi, akapewa benchi, na hakuacha kuuliza nani ni nani. Mwaitu aliketi pembeni, pale ilipokuwa meza ya baba. Alipoingia aliinama penye boriti bila kuambiwa.

Usidhani kwamba sasa tumetajirika. Kaka huikodisha projekta kwenye harusi, akitundika shuka jeupe uwanjani. Mwezi mwingine hupata kazi mbili, mwingine hapati hata moja. Deni langu la chakula la muhula huu halijaisha, na mlango wa pili bado ni mabati tu, tukingoja pesa za fremu. Lakini unafunguka, na unafunguka kwenda nje. Huo nimeujaribu mwenyewe gizani, tena mara nyingi.

Ewe msomaji, usiogope hesabu inayokuambia usichopenda kusikia. Na siku ukija kwetu, karibu sana. Nafasi ni tisa, hakuna kiingilio. Ila ukifika penye boriti, tafadhali inama.